Unacheka Nini na Bado Hujamsikia?

Wasee, leo sina stori ya mpira wala ya msanii. Leo tunaongea hesabu. Najua kidole chako tayari kinataka kupita, lakini nipe dakika chache tu, hii inakuhusu.

Mwalimu ameandika ubaoni: nusu jumlisha theluthi moja. Anauliza nani anajua. Msee mmoja wa nyuma, karibu na dirisha, anasimama na kusema, "Mbili juu ya tano." Haijapita sekunde moja, daro yote iko chini kwa kicheko. Kuna mwenye anapiga dawati. Kuna mwingine hata hajaitwa na ashapiga kelele, "Tano juu ya sita!" Mwalimu anaandika tano juu ya sita, anageuka, anauliza, "Tuko pamoja?" Sisi wote, "Ndiooo!" kama kwaya ya Jumapili. Yule wa dirisha ashakaa. Na hatasimama tena mpaka mwaka uishe.

Usiniambie hujawahi kuona hiyo. Iko huku kwetu Amukura, iko Busia mjini, iko Malaba, iko Kisumu, iko Nairobi kwenye shule za karo kubwa.

Mimi nasema hivi, na ukikasirika ni sawa: daro yenye inacheka hivyo haijui hesabu. Hata kama watu kumi ndani yake wanapata A. Inajua majibu, na kujua majibu na kujua hesabu ni vitu viwili tofauti.

Nipatie nafasi nikuonyeshe. Yule msee wa dirisha hakuna aliyemuuliza, "Umefikaje hapo?" Angeulizwa, labda angesema hivi: timu yetu wiki jana ilicheza mechi mbili, ikashinda moja. Wiki hii imecheza tatu, ikashinda moja. Jumla imeshinda ngapi? Mbili kati ya tano. Bisha basi! Huwezi. Hiyo ni kweli kabisa.

Sasa tuko na shida tamu. Kwa nini hesabu ya mpira inakubali mbili juu ya tano na ya ubaoni inakataa? Fikiria kabla uendelee kusoma.

Kwa mpira, ile "moja kati ya mbili" na ile "moja kati ya tatu" zinaongea juu ya mafungu tofauti ya mechi, halafu tunayachanganya yawe fungu moja la mechi tano. Ubaoni tunaongea juu ya kitu kimoja. Chukua chapati. Nusu ya chapati, ongeza theluthi ya chapati hiyo hiyo. Tayari mkononi uko na nusu. Mbili juu ya tano ni ndogo kuliko nusu. Umeongezewa chakula, inakuwaje unabaki na kidogo kuliko ulichokuwa nacho? Haiwezekani. Jibu limejikataa lenyewe, bila hata kutafuta sita ya kuweka chini.

Hayo yote yalikuwa ndani ya jibu moja la kuchekwa. Maana ya sehemu, maana ya kizima, na njia ya kujua jibu lako halina akili kabla mwalimu akuwekee mkasi. Tuliyatupa yote kwa sekunde moja ili tucheke. Na wale waliocheka, ni wangapi wangeweza kueleza kwa nini mbili juu ya tano imekataa? Wengi wangesema tu, "Si ndio formula." Basi wewe na yeye mnatoshana. Tofauti ni kwamba wewe umekariri na yeye alijaribu kufikiri.

Tuje mpakani, maana huku ndiko tunaishi. Tuseme leo shilingi moja ya Kenya inabadilishwa kwa shilingi 28 za Uganda. Swali: 5,000 ya Kenya ni ngapi za Uganda? Dada mmoja anagawanya. Anapata 178 na pointi. Kicheko! "Ati 178! Hiyo hata rolex huwezi nunua!" Sawa, mzaha umeingia, tumecheka. Lakini kuna mtu ameuliza kwa nini amegawanya?

Angekuambia: "Pesa ya Uganda ni ndogo kuliko yetu, kwa hivyo lazima nambari ishuke." Angalia vizuri. Nusu ya kwanza ya hiyo sentensi ni sawa kabisa. Shilingi moja ya Uganda ina thamani ndogo. Kosa liko kwa ile "kwa hivyo." Na hilo kosa unalimaliza na gunia la mahindi. Gunia la kilo 90, ukipima na gorogoro ya kilo mbili, unapata gorogoro 45. Ukipima na mkebe wa kilo moja, unapata mikebe 90. Kipimo kimekuwa kidogo, idadi imepanda. Mahindi ni yale yale. Pesa pia ni hivyo: shilingi ikiwa ndogo, unazihitaji nyingi. Kwa hivyo unazidisha, 5,000 mara 28, unapata 140,000.

Na hapo bado kuna mtu kwa kona angekuambia yeye hakuzidisha na 28. Alizidisha na 30, akapata 150,000, halafu akatoa 5,000 mara mbili, yaani 10,000. Jibu lile lile, na ameifanya kichwani bila simu. Daro yenye inasikiliza ingeondoka na vitu vitatu: kwa nini tunazidisha, kipimo na idadi vinavyopishana, na njia ya mkato. Daro yenye inacheka inaondoka na 140,000. Kesho kiwango kikibadilika, hata hiyo 140,000 haina kazi.

Kuna dada namjua. Sitamtaja, na shule yake sitaitaja. Alichekwa Kidato cha Pili kwa swali la aina hiyo hiyo. Kuanzia siku hiyo mkono wake haukupanda tena kwa somo la hesabu. Miaka miwili anaandika tu chenye kiko ubaoni na kusema "Ndiooo" na wengine. Mtihani wa mwisho ulipokuja, kozi aliyokuwa anaitaka iliomba gredi ya Hisabati ambayo hakuwa nayo. Leo anauza nguo Malaba. Anapokea pesa za nchi mbili, anarudisha chenji bila kikokotoo, na hakuna dereva wa lori anaweza kumpiga hata mia. Kuuza nguo si aibu, wacha nilisema hilo wazi. Lakini hakuchagua. Mlango ulifungwa, na waliofunga ni watoto wenzake wa miaka 15 waliokuwa wanafurahisha daro.

Ndio maana nasema hii si mambo ya adabu tu. Si "tuwe wazuri kwa wenzetu" ya assembly ya Jumatatu. Kicheko kina bei, na anayelipa si mwenye amecheka.

Na saa hii bei imepanda. Mwaka 2025 nchi nzima ilibishana kama Hisabati iwe ya lazima kwa sekondari ya juu. Wazazi walipiga kelele, wataalamu walipiga kelele, na Waziri Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mkondo utakuwa na Hisabati ya aina fulani: ile nzito kwa wa sayansi, na nyepesi kidogo kwa wa mikondo mingine. Sawa. Kwa hivyo sasa hakuna kutoroka. Mwenye anapenda hesabu na mwenye anaiogopa wote watakuwa nayo mpaka mwisho. Katika zile kelele zote, nani aliuliza tutakuwa tunaongea vipi tukishaingia humo ndani? Mtaala wenyewe umeandika "mawasiliano na ushirikiano" kama umilisi wa kwanza kati ya saba. Kwenye karatasi imekaa poa sana. Kwenye daro, mawasiliano ni "Ndiooo."

Najua kuna mwenye atasema, lawama ni ya walimu. Kwa heshima zote kwa walimu wetu, kuna kazi yao hapo. Ukiuliza "Tuko pamoja?" mbele ya daro limejaa, nani atasema hapana? Lakini serikali haijakaa bure kwa upande wao. Mwaka 1998 Kenya na Japani walianzisha mradi wa SMASSE, wa kufundisha walimu wa hesabu na sayansi waache kuongea peke yao na waanze kumpa mwanafunzi kazi ya kufikiri na kufanya. 1998! Wengi wenu mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa. Na huko Japani wana neno la kipindi kile cha somo ambapo majibu tofauti ya wanafunzi yanawekwa ubaoni na kuanza kulinganishwa: neriage. Maana yake inatoka kwa kukanda, vile unakanda unga. Unachukua wazo la huyu na la yule, hata lile limeharibika, unakanda mpaka linashikana.

Walimu wamepewa semina. Sisi tumepewa semina na nani? Mwalimu anaweza kuleta swali zuri kuliko yote duniani, lakini kama kila mwenye anafungua mdomo anachekwa, hakuna unga wa kukanda. Hiyo sehemu ni yetu. Mwalimu hawezi kukusikilizia.

Na usiniambie KNEC inataka jibu tu. Waulize waliowahi kuona mwongozo wa kusahihisha Hisabati ya KCSE. Kuna alama za M na kuna alama za A. M ni ya njia, A ni ya usahihi wa jibu. Njia yako ikiwa sawa na ukateleza mwishoni kwa kujumlisha, M yako unabaki nayo. Yaani mtu asiyekujua, amekaa na rundo la karatasi, anasoma njia yako mstari kwa mstari akitafuta pahali ulifikiri vizuri. Na mwenzako wa dawati, mnayekula naye githeri kila wiki, hawezi kukupa sekunde kumi?

Wengine wanadhani kusikiliza ni kukubali. Ati tukianza kusikilizana, kila mtu atakuwa na jibu lake na hesabu itakuwa siasa. Hapana. Kuna stori moja ya Marekani ambayo naipenda. Mwaka 1990, Deborah Ball alikuwa anafundisha hesabu darasa la tatu huko Michigan. Mtoto mmoja, ambaye kwa maandishi anajulikana kama Sean, akasema sita ni shufwa na pia ni witiri. Shufwa ni zile zinagawanyika na mbili, witiri ni zile hazigawanyiki. Huku kwetu hiyo ingekuwa kicheko cha wiki nzima. Ball hakumkatiza. Sean akaeleza: sita imetengenezwa na mafungu matatu ya mbili mbili, na tatu ni witiri.

Mwenzake, msichana anayeitwa Mei kwa maandishi hayo, alisikiliza mpaka akaelewa. Halafu akaichukua hiyo sababu ya Sean, akaijaribu kwa kumi. Kumi ni mafungu matano ya mbili, na tano pia ni witiri. Basi na kumi pia utaiita hivyo? Ukiendelea hivi, nambari ngapi zitakuwa shufwa na witiri pamoja? Umeona alichofanya? Hakusema "wewe ni mjinga." Hakukubali pia. Alimpinga Sean kwa nguvu kwa sababu alikuwa amemsikia. Asingesikia, hangekuwa na cha kushika. Na mwishowe wakagundua kuna kundi zima la nambari za aina hiyo, 2, 6, 10, 14, mtindo wake unaonekana wazi, zikapewa jina la Sean. Watoto wa miaka minane au tisa. Wewe uko Kidato cha Tatu unapiga dawati.

Kusikiliza ndio silaha ya kubisha. Mwenye hajakusikia hawezi kukushinda, anaweza tu kukunyamazisha.

Na kuna kitu kingine cha huku kwetu ambacho kinaniuma. Lugha. Mtoto wa Amukura anakuja shule na Kiteso, au na Kikhayo, au Kisamia, na Kiswahili cha soko, na sasa anatakiwa aeleze hesabu kwa Kizungu. Akianza kueleza, anakwama kwa neno moja, na watu wanacheka hilo neno. Wazo lake la hesabu hata halijafika mlangoni. Tumemuadhibu kwa Kizungu kwenye somo la Hisabati. Zile siku za kuvalishwa diski kwa kuongea lugha ya nyumbani tunazilaani, halafu tunavalishana diski ya kicheko.

Na unajua tunapoteza nini? Kwa Kiteso, ukihesabu ukapita tano, sita inasemwa kama tano na moja. Saba ni tano na mbili. Nane ni tano na tatu. Mtoto wa Kiteso, kabla hata aone mwalimu, ashajifunza kwamba nambari inaweza kuvunjwa na kujengwa upya. Muulize saba ongeza nane, anaweza kuona tano mbili, ambazo ni kumi, halafu mbili na tatu, ambazo ni tano. Kumi na tano, kwisha. Mwenye amekulia Kiswahili anasema sita, saba, tisa, maneno yaliyotoka Kiarabu, na ndani yake haoni tano yoyote. Hakuna aliye bora hapo. Lakini wakisikilizana, kila mmoja anatoka na macho mawili zaidi. Muache aeleze kwa Kiswahili, muache achanganye, nyinyi mtamsaidia kuiandika kwa Kizungu cha mtihani baadaye. Wazo kwanza.

Sasa nije kwa wewe kichwa, wewe namba moja wa daro. Najua unasema, "Nikikaa kusikiliza hawa wote, silabasi itaisha lini?" Boss, nakuheshimu, lakini wewe ndiye unahitaji hii kuliko wote. Kwa group discussion ya jioni wewe unaongea dakika arobaini, wengine wanakopi, halafu mnaiita discussion. Hiyo ni fotokopi. Jaribu kitu kigumu: eleza kwa nini msee wa mbili juu ya tano alifikiri alichofikiri. Ukiweza, umeelewa sehemu kweli kweli. Ukishindwa, A yako imesimama kwa mguu mmoja. Na chuoni, na kazini, hakuna mwalimu wa kukuambia nani ako na jibu. Utakuwa mezani na watu wanaobishana, na lazima ujue kosa liko kwa mstari gani.

Kwa hivyo Jumatatu tufanye nini? Sitaki maombi marefu. Nataka vitu vinne tu.

Kwanza, hesabu tatu. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua kitambo, miaka ya 1970, kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza swali. Wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yanakuwa marefu na watu wengi zaidi wanaongea. Sekunde tatu! Wewe pia unaweza kuzitoa. Usipige kelele jibu. Kimya kidogo hakiuwi mtu.

Pili, uliza "Umefikaje hapo?" Na uulize hata mwenye amepata. Ukiuliza tu waliokosa, hilo swali litageuka kuwa tusi, na kila mtu atajua.

Tatu, kabla ya kumpinga mtu, rudia alichosema kwa maneno yako, na yeye akubali kwamba ndicho alichosema. "Unasema pesa ya Uganda ni ndogo, kwa hivyo nambari ishuke. Ni hivyo?" "Eeh, ni hivyo." Haya, sasa mpinge. Utashangaa mara ngapi utagundua ulikuwa unabishana na kitu ambacho hakusema.

Nne, mtu akicheka, usicheke naye. Hiyo tu. Huhitaji kuwa shujaa wala kutoa hotuba. Kicheko cha daro kinahitaji watu wengi. Kikipata mmoja peke yake, kinakufa na aibu zake.

Na wewe wa dirisha, kama unasoma hii, sitakuambia "jiamini" halafu niende zangu. Si wewe mwenye shida. Lakini kama bado uko na hiyo mbili juu ya tano yako, iandike chini, na uandike mechi zako kando yake. Mpelekee mtu mmoja tu unayemwamini, umwambie, "Nisaidie kuona ni wapi hii inakataa." Mtu mmoja anatosha kuanza. Hata daro la watu wengi huanza kusikilizana na wawili.

Basi hapa kuna swali la kwenda nalo. Uko na 1,000 ya Kenya. Mtu wa kubadilisha pesa anainunua kwa 27 za Uganda kila shilingi. Umebadilisha yote, ukabadilisha mawazo pia, unataka zako za Kenya zirudi. Yeye anakuuzia kila shilingi ya Kenya kwa 29. Utarudi nyumbani na 1,000 yako? Sitaki uniambie jibu. Tafuta mtu mwenye amepata tofauti na wewe, mkae chini, na yeye aanze kuongea.